Mto Kujaa na Mto Kufurika: Uhakiki wa Lugha ya Masimulizi ya Maji ya Rufiji

Kwa muda mrefu usiohesabika maji ya mto Rufiji yamepanda na kushuka kwa majira yake. Mvua zikisha kukolea katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mito ya Kilombero na Luwegu hukutana na kuuzaa Rufiji. Ruaha Mkuu nao huja kuuongezea maji yake kabla mto haujapita katika genge la Stiegler. Kisha maji yote huteremka katika bonde pana lipitalo Utete na kuishia katika mikoko ya delta. Nchi inayoukusanyia mto huu maji yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara. Katika bonde hilo watu wamelima vizazi kwa vizazi, wala hawakulima licha ya maji kupanda, bali walilima kwa sababu maji hupanda.

Habari hizo zimekwisha kuandikwa na wataalamu wa kilimo na wa jiografia. Ambalo halijatazamwa vya kutosha ni lugha inayotumika kuzisimulia. Kila maji ya Rufiji yanapotoka katika ukingo wake, Kiswahili cha magazeti, cha redio na cha ofisi huwa na neno moja tu la kuyaita, nalo ni mafuriko. Neno hilo hutumika sawasawa kwa maji yanayolisha na kwa maji yanayoua. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba kasoro hiyo si ya upungufu wa maneno katika lugha, maana maneno yapo, bali ni ya mazoea ya uandishi. Na kwamba mazoea hayo yamekuwa na matokeo katika maisha ya watu wenye mashamba bondeni.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kitenzi furika yamkini kina udugu na fura, ambacho ni kuvimba, iwe kwa maradhi au kwa hasira. Maziwa yaliyo motoni hufurika, machozi hufurika, watu hufurika uwanjani. Katika matumizi yote hayo mna fikira moja: kitu kimekishinda chombo chake. Anayesema kwamba mto umefurika amekwisha kuamua mahali pa mto ni wapi, naye amehukumu kwamba maji yaliyo nje ya hapo yamekosea njia. Kitenzi jaa hakina hukumu hiyo. Mtungi hujaa, mwezi hujaa, bahari hujaa na kupwa. Kinachojaa kimekitimiza kiasi chake; hakikuasi.

Gharika ni neno la namna nyingine. Limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuzama, na ndilo neno lililochaguliwa katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 kwa maji ya wakati wa Nuhu. Tufani nalo lina asili ya Kiarabu, na katika Kurani, sura ya Al-Ankabut, ndilo jina la maji yale yale; lakini katika matumizi ya mabaharia wa pwani limeelekea zaidi kwenye upepo na mawimbi. Maneno yote mawili yana sauti ya adhabu na ya mwisho wa mambo, wala hakuna mkulima awezaye kuyatumia kwa jambo linalomfikia karibu kila mwaka.

Linganisha sasa na lugha ya bahari. Waswahili wa pwani wana bamvua, ambayo ni maji makubwa yajayo mara mbili kwa mwezi, mwezi uandamapo na ukamilikapo. Na wana maji mafu, ambayo ni kinyume chake. Maji ya bamvua hupanda hadi mahali ambapo siku nyingine ni pakavu, lakini hapana mvuvi asemaye kwamba bahari imefurika. Bahari imepewa haki ya kwenda na kurudi, na lugha imeutunza mwendo huo kwa majina. Mto mkubwa kuliko yote katika Tanzania umenyimwa haki hiyo katika Kiswahili cha vitabu, ingawa wenyeji wa bonde hawakuunyima. Wao wana neno mlau, ambalo wengine huliandika mlao, kwa kilimo kifanywacho maji yanaposhuka na kuiacha ardhi imelowa. Neno hilo peke yake latosha kuthibitisha kwamba maji ya bondeni yalikuwa sehemu ya kalenda ya kazi.

Ni lazima kuieleza kalenda hiyo kwa ufupi, maana pasipo hiyo uhakiki wa maneno hauna pa kusimama. Mpunga hupandwa kwa mvua za kwanza, karibu na mwisho wa mwaka, ili uwe umekwisha kupata urefu maji yatakapoufikia. Maji yakipanda, aghalabu baina ya Machi na Mei, mpunga hukua pamoja nayo. Yanapopungua huacha tope jipya lenye rutuba, na katika tope hilo hupandwa mahindi, kunde na mboga. Zamani ilipandwa pamba pia. Mkulima mmoja hivyo huwa na mavuno mawili, na la pili halitegemei mvua. Wakati wa kulinda mazao watu hukaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ambamo mtu huweza kulala na kupika huku maji yakipita chini yake, na ambamo humo pia hulinda shamba dhidi ya ndege, nyani na nguruwe. Safari za kutoka dungu hata dungu huwa kwa mtumbwi.

Katika maisha ya namna hiyo, swali si kama maji yatakuja au hayatakuja. Maswali ni manne: yatakuja lini, yatafika kimo gani, yatakaa siku ngapi, na yatashuka kwa mwendo gani. Yakija mapema mno huuzamisha mpunga ungali mchanga. Yakichelewa, mpunga huona kiu. Yakikaa mno, mbegu za mlau hukosa wakati wake. Na yasipokuja kabisa, hakuna mlau wala rutuba mpya. Mwaka huo hakuna gazeti litakaloandika habari, kwa sababu hakuna kitu kilichofurika. Han Bantje, aliyefanya utafiti wa kilimo cha Rufiji kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mnamo mwaka 1979 na 1980, aliyatazama maji na njaa pamoja, na kilimo cha bonde akakitazama kama mpango kamili wenye mvua, mto na makazi ndani yake. Huo ndio mtazamo ambao lugha ya habari imeukosa.

Sentensi ifuatayo haikunakiliwa popote. Imetungwa kwa ajili ya mfano, lakini msomaji yeyote wa magazeti ataitambua mara moja: "Mafuriko yamewakumba wananchi waishio mabondeni, nyumba zimeharibika, na waathirika wametakiwa kuhamia sehemu zilizoinuka." Kwa sarufi sentensi hii haina kosa. Kasoro yake imo katika yale inayoyaficha.

Kwanza, kiima chake ni mafuriko, nayo yamepewa kazi ya kukumba, kana kwamba ni mtu aliyetoka mbali asikokujua mtu. Hayana siku, hayana kimo, wala hayana muda. Pili, watu wametambulishwa kwa mahali: waishio mabondeni. Neno hilo katika Kiswahili cha Dar es Salaam limekwisha kupata maana yake maalumu, hasa baada ya maji ya Desemba 2011, ambapo watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Huko mjini kuishi bondeni ni kukosa mahali pengine. Katika Rufiji bonde ni mali. Ni shamba lenyewe. Neno moja limesafiri kutoka mjini hadi shamba likiwa limebeba lawama ambayo haikuwamo.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito kwa mwanaisimu, vitenzi vyake vimeegemea kiambishi -ik-. Furika, haribika, athirika: vyote vyaeleza hali iliyotokea bila ya kudai mtendaji. Wanasarufi wamebishana kwa miaka kuhusu waathirika na waathiriwa, na aghalabu ubishi umekuwa juu ya usahihi tu. Lakini tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko usahihi. Aliyeathiriwa ameathiriwa na kitu au na mtu, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Aliyeathirika amekuwa hivyo, basi. Nne, sentensi inapofika kwenye amri, sauti yabadilika ghafula kuwa ya kutendwa: wametakiwa. Hapa mtendaji yupo kwa hakika, lakini hakutajwa. Kwa hiyo maji hayana aliyeyaleta, na amri haina aliyeitoa.

Weka kando yake sentensi ya pili, ambayo nayo imetungwa kwa mfano: "Maji yaliingia usiku wa Ijumaa, mpunga ukiwa umefika gotini, yakausimamia siku nane, ukaoza, watu wakakaa madunguni, wakangoja yashuke wapande mlau." Maneno ni mepesi na machache, lakini maswali manne ya mkulima yamejibiwa karibu yote: siku ipo, kimo cha mpunga kipo, muda upo. Zaidi ya hayo, kiambishi -ka- kimeyaunganisha matendo mpaka yakavuka hasara yenyewe na kufika kwenye kazi inayofuata. Sentensi ya kwanza huishia kwenye kuhama. Ya pili huishia kwenye kupanda. Anayesoma ya kwanza miaka mingi mfululizo ataamini kwamba watu wa bondeni ni wakaidi au wajinga, maana hawezi kuelewa kwa nini wanarudi.

Imani hiyo si ya kudhaniwa tu. Mwaka 1968 maji ya Rufiji yalipanda sana, na baada yake, katika mwaka huo na uliofuata, wenyeji wa bondeni walihamishiwa vijiji vipya katika ardhi iliyoinuka. Jambo hilo liliitwa Operesheni Rufiji, na lilitangulia operesheni nyingi za vijiji zilizofuata nchini. Shule na zahanati ziliweza kujengwa mahali pamoja, na hilo halikanushiki. Lakini shamba lilibaki bondeni. Mkulima aliyekuwa akiishi juu ya kazi yake sasa alitembea mwendo mrefu kuifuata, au aliiacha nyumba ya kijijini miezi kadhaa akarudi dunguni, na nguruwe wakapata nafasi palipokosekana mlinzi. Lugha ya mpango huo ilikuwa lugha ya wokovu: watu walitolewa katika mafuriko. Laiti ingaliulizwa kwa neno la wenyeji, kwamba watu wanatolewa katika mlau, ugumu wa jambo ungalionekana tangu mwanzo. Hapana budi kutambua pia jinsi kuhama na kuhamishwa vilivyochanganywa katika taarifa za namna hii. Kiambishi kimoja au viwili ndivyo vitenganishavyo hiari na amri.

Mambo yamezidi kuwa mazito tangu Desemba 2022, bwawa la umeme la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji katika genge lile lile la Stiegler. Bwawa hilo limekusudiwa kutoa megawati 2,115. Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa nchini kote. Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha. Katika Rufiji na Kibiti mashamba na nyumba vilizama, na mjadala ukazuka: wengine walisema maji yaliachiliwa kutoka bwawani, wengine walisema mvua zilizidi kiasi na kwamba pasipo bwawa madhara yangalikuwa makubwa zaidi. Uhakiki wa lugha hauna uwezo wa kuamua baina yao. Hiyo ni kazi ya wapimaji wa maji. Lakini waweza kuonyesha kwamba swali hilo haliwezi hata kuulizwa kwa kitenzi furika. Mwaka 1968 kusema kwamba mto umefurika kulikuwa kusema kweli, maana hapakuwa na mlango wa kufungua wala wa kufunga. Leo milango ipo. Kwa hiyo kila taarifa haina budi kuchagua baina ya maji yaliyofurika, maji yaliyozidi na maji yaliyofunguliwa, na kuchagua huko kwaweza kuwa na uzito katika fidia na katika sheria. Hata mkulima anayependa bwawa anahitaji kitenzi chenye mtendaji ili aambiwe siku, kimo na muda. Yaani yale yale aliyokuwa akiyasoma mwenyewe katika rangi ya maji na kasi ya mkondo.

Itasemwa, na ni hoja ya haki, kwamba tangazo la hatari halina nafasi ya ufasaha. Maji yakija usiku, redio hutaka neno moja linaloeleweka kutoka Mtwara hadi Kagera, na mafuriko ndilo neno hilo. Hoja hiyo yakubalika kwa tangazo la usiku ule. Haikubaliki kwa taarifa inayoandikwa baada ya wiki tatu, wala kwa mpango wa maendeleo unaoandikwa baada ya miaka mitatu. Tena neno linalopigwa kila mwaka kwa maji ya kila namna hupoteza nguvu ya kuonya. Mtu aliyeambiwa mafuriko mara ishirini, akapata mpunga mzuri katika mara kumi na tano, hatalisikia la ishirini na moja. Usahihi wa neno kwa hiyo si pambo. Ni sehemu ya usalama.

Je, fasihi imefanya nini? Kitabu cha Kiswahili kinachojulikana kuliko vyote juu ya nchi hii ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969, wakati ule ule ambapo watu wa bonde walikuwa wakihamishwa. Ndani yake mto ni makao ya Hongo. Kinjeketile huingia majini na kutoka hali nguo zake hazikulowa, naye huleta maji ya kuwakinga watu na risasi. Ni kazi kubwa, na mizani yake ya historia na ubunifu imejadiliwa sana. Lakini kwa mada hii yafaa kutambua kwamba maji yake ni maji ya nguvu na ya vita. Hayapandi wala hayashuki katika shamba la mtu. Njaa imo, kwa kuwa wanaume wanalazimishwa kufanya kazi katika shamba la Wajerumani, na wanawake wanalalamika kwa haki. Ila mto wa mkulima haumo. Si kosa la mwandishi, ambaye makusudi yake yalikuwa mengine. Ni pengo lililoachwa na waliomfuata.

Hata hivyo tamthilia hiyo ina funzo moja linalohusika moja kwa moja. Kiini chake ni neno lililokua likamzidi aliyelizaa, hata asiweze kulirudisha. Ndivyo lilivyokuwa neno mafuriko katika bonde lile lile. Lilizaliwa kueleza mwaka mmoja mbaya, likakua likaila miaka yote mizuri, na sasa linawaamuru watu waondoke mahali ambapo bila ya maji wasingekuwapo.

Kwamba fasihi ya riwaya yaweza kulijaza pengo hili chaonekana kwa mfano wa mbali. Tarehe 16 Septemba 1928 kimbunga kiliyasukuma maji ya ziwa Okeechobee katika Florida, Marekani, na tuta lake likavunjika. Walikufa watu wasiopungua 2,500, wengi wao wakiwa Weusi wafanyao kazi za mashamba. Mwaka 1937 Zora Neale Hurston, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wa mila na lugha za watu wake, alilitia tukio hilo katika riwaya yake Their Eyes Were Watching God, na sehemu kubwa ya nguvu yake yatokana na kwamba mazungumzo yamo katika lahaja ya wafanyakazi wenyewe. Kabla ya maji kuja, msomaji amekwisha kuona udongo mweusi wenye rutuba na sababu ya watu kuupenda. Maji yanapokuja yanajulikana yamechukua nini. Hurston hakuiga lugha ya taarifa. Alianza na shamba ndipo akafika kwenye hasara. Lake si ziwa lenye mlau, na watu wake walikuwa vibarua, si wenye ardhi. Mfano usivutwe kupita hapo. Lakini utaratibu huo wa kutangulia na kinachopendwa ndio unaokosekana katika masimulizi ya Rufiji kwa Kiswahili.

Yatokanayo na haya ni mambo mawili yaliyo katika uwezo wa wasomi wa lugha. La kwanza ni kukusanya, kijiji kwa kijiji, kuanzia Mloka hadi Mohoro, maneno yote ya maji, ya tope, ya mitumbwi, ya madungu na ya majira, pamoja na sentensi ambazo yametumika ndani yake, na kuyaingiza katika kamusi bila ya kuyabandika alama ya lahaja kana kwamba ni maneno ya pembeni. Kazi hii ina haraka. Mwendo wa mto ukibadilishwa na bwawa, vijana wa leo huenda wasione tena maji yakipanda kwa majira yake, na neno lisilo na kazi shambani halidumu mdomoni. La pili ni kuwafundisha waandishi wa habari na wa mipango kwamba -ik- na -w- si jambo la mtihani tu, bali ni jambo la kujua nani alitenda na nani alitendwa.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Waliofika katika maji ya Rufiji wanaujua wingi wake, na wana maneno ya kuupimia. Haifai Kiswahili sanifu, kilichojengwa kwa kukusanya maneno ya wenyeji wa pwani na visiwa, kiendelee kuwaita watu hao waathirika pasipo kuwauliza mto wao huitwaje unapojaa.